Kwenda Kawangware Kuona Tumbo la Jescah

Jirani zangu wa Makina, Kibera, wakisafiri huenda mbali. Kuna aliyekwenda Hija, kuna waliokwenda Mombasa harusini, na mmoja alikwenda Dubai akarudi na lafudhi. Mimi nilisafiri kutoka Kibera hadi Kawangware, mahali ambapo mtu mwenye afya hufika kwa miguu kabla chai haijapoa kwenye chupa, na nilikwenda kuangalia tumbo la mwanamke nisiyemjua.

Sababu ya safari ilikuwa damu. Mara ya kwanza niliiona kwenye mkojo nikanyamaza. Mara ya pili nikamwambia Asha, mke mwenzangu. Marehemu mume wetu Ramadhani alituacha katika nyumba moja yenye milango miwili. Alipokuwa hai tuligombana kwa ajili yake, na alipofariki tukaendelea kugombana, maana mazoea yana taabu. Asha alinisikiliza vizuri, kisha akasema labda nimerudi usichana, na kwamba ni bahati mbaya mume ameondoka bila kuliona jambo hilo.

Zahanati niliyoiendea waliniambia ni maambukizi ya njia ya mkojo, wakanipa dawa. Damu ikakata, halafu ikarudi. Wakanipa dawa nyingine. Kila ilipokata nilimsifu daktari, na kila iliporudi nilijilaumu mwenyewe kwa kutokunywa maji ya kutosha. Nilipofika hospitali kubwa hatimaye, waliingiza kamera mahali ambapo sikujua kamera inaweza kupita, wakakwangua uvimbe, wakaupeleka kupimwa. Majibu yakasema saratani ya kibofu, na mizizi yake imeshaingia kwenye msuli.

Daktari alikuwa mtu mpole. Alinieleza kwamba kibofu kitolewe chote, kisha kipande cha utumbo kifanywe mfereji wa kutoa mkojo kupitia tundu tumboni, uingie kwenye mfuko nitakaouvaa maisha yangu yote. Aliyasema hayo kama fundi wa bomba anayekueleza kwa nini maji hayafiki ghorofani. Nikamuuliza nitaswali vipi na mkojo kiunoni. Akasema hilo niwaulize watu wa dini yangu. Nikamwambia nitafikiria, na nikafikiria wiki baada ya wiki, mpaka nesi mmoja akaelewa kwamba kufikiria ndilo jina nililoupa woga wangu. Akanipa namba ya simu ya mgonjwa mwenzangu wa Kawangware, Jescah, akaniambia nisikatae kabla sijamwona.

Makina sikumwambia mtu. Siri ya Makina ikitoka mlangoni hufika msikitini kabla yako. Asha peke yake ndiye aliyejua, na alijua kwa sababu ukuta kati yetu ni wa mabati.

Jumamosi asubuhi nilitoka, nikamkuta Asha mlangoni amevaa buibui lake la harusi. Sikuwa nimemwalika. Alisema anakwenda Kawangware kununua mapazia. Nikamkumbusha kwamba soko la Toi liko karibu na lina mapazia mpaka ya kufunika mtaa mzima. Akasema ya Kawangware yana rangi nzuri zaidi, akatangulia.

Mtu mwenye kibofu kama changu haipimi barabara kwa kilomita, huipima kwa vyoo. Nilikuwa na ramani kichwani. Kulikuwa na choo cha msikiti, halafu cha nyumbani kwa binamu yake Asha kule Olympic, halafu cha kituo cha mafuta Ngong Road. Baada ya hapo ramani yangu ilikuwa tupu.

Olympic tulifika kwa miguu, polepole. Binamu alifurahi kutuona, akaweka chai. Nikaikataa, kwa kuwa chai kwangu ilikuwa kama kumwita mtu anayekuja mbio. Lakini hakuna anayekataa chai katika nyumba ya Mnubi kama sisi bila kutoa sababu, kwa hiyo Asha akanisemea kwamba nimefunga. Nikaingia chooni kwa binamu mara mbili, nikiwa nimefunga, na kila nilipotoka alinitazama kwa heshima zaidi.

Kutoka Olympic tulichukua pikipiki moja, tukapakiwa mishkaki. Dereva mbele, mimi katikati, Asha nyuma amenikumbatia kiuno. Ramadhani aliomba dua maisha yake yote atuone tumeshikana hivyo. Tulipita Jamhuri, na kila tuta la barabarani lilinigonga pale pale panapouma. Nilikuwa nikisali kimya kimya tufike Ngong Road, wala si kwa sababu za kiroho.

Kwenye kituo cha mafuta, yule msichana wa pampu alisema choo ni cha wateja. Asha akamwamuru dereva wetu aweke mafuta. Dereva akasema tangi limejaa. Basi aongeze upepo, Asha akasema, na akasimama pale na buibui lake la harusi kama mwenye kituo. Ufunguo ukatolewa, nadhani kwa kuogopa.

Huko ndani nilikojoa damu tupu. Si matone wala wekundu wa mbali kama nilivyozoea, ilikuwa damu yenye mabonge. Nilipotoka Asha aliniangalia usoni. Alimwambia tu dereva aende taratibu kwenye matuta.

Kawangware 56 tuliingia jua likiwa limeshakuwa kali. Ni stendi na soko pamoja, na saluni zimebanana na maduka ya vifaa vya ujenzi, na watu wa Magharibi mwa Kenya wanaopanga wamejaa katika ploti za wenyeji Wakikuyu. Jescah alikuwa ametusubiri kando ya barabara. Nilitarajia mgonjwa. Nikakuta Mluhya mnene, mwenye sauti ya kuita kuku, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na mtu wa kwanza kunikaribisha mahali kwa kuniambia choo kiko wapi kabla ya kuniuliza jina.

Kikundi cha wagonjwa wenzake hukutana nyuma ya duka la Mzee Kamau, mmoja wao, mwenye ploti kadhaa na duka la vifaa. Tukapitishwa ndani, na hapo nikasimama nikashangaa. Pande zote kulikuwa na vyoo. Vyoo vyeupe, vya bluu, vya kukalia, vya kuchuchumaa, vimepangwa juu ya mbao mpaka darini, na hakuna hata kimoja kilichounganishwa na bomba. Katikati ya neema yote hiyo walikaa wagonjwa wa kibofu kwenye viti vya plastiki, na choo cha kweli kilikuwa kimoja, uani, chenye foleni.

"Hizo zote ni za kuuza, mama," Mzee Kamau akaniambia kwa huzuni. "Hata mimi napanga laini."

Walizungumza kama watu wa kijiji kimoja. Mmoja alieleza namna ya kukaa kanisani karibu na mlango bila pasta kudhani unakimbia sadaka. Mwingine alieleza jinsi ya kulala na chupa. Nilikuwa nimebeba ugonjwa wangu muda wote huo nikiamini nimeubuni mimi, na sasa nikawasikia watu wakiuzungumza kwa urahisi, kama bei ya unga. Nililia kidogo. Hakuna aliyeninyamazisha. Mama mmoja alinipisha mbele yake kwenye foleni, na nimeishi vya kutosha Nairobi kujua uzito wa heshima hiyo.

Kisha Jescah akanichukua nyuma ya marundo ya simiti. Asha akafuata bila kuitwa. Jescah akapandisha blauzi, akashusha leso kidogo, akanionyesha. Upande wa kulia wa kitovu kulikuwa na kinundu chekundu, chenye unyevu, kama ndani ya mdomo. Juu yake mfuko umebandikwa kwenye ngozi, na chini ya mfuko kuna kabomba kadogo ka kufungulia.

"Unaweza shika," akasema. "Haiumi."

Nikamuuliza kuhusu harufu. Hilo ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi, kuliko hata kisu.

"Ikifungwa poa hainuki. Na mimi nauza omena, mama. Nani atajua ni gani inanuka?"

Akacheka, nami nikacheka, na Asha akacheka sana kuliko sote mpaka akashika simiti. Jescah akatuambia mengine bila kupamba. Mwanzo mfuko ulimvujia sokoni mbele ya wateja. Mume wake alikwenda matanga Vihiga alipoona ule mfuko, na matanga hayo hayajaisha mpaka leo. Kuna siku anachukia kujiangalia. Lakini damu haijarudi, na binti yake alipojifungua, yeye ndiye aliyempokea mjukuu.

Tulipokuwa tunaaga, Mzee Kamau alinivuta kando. Yeye naye aliambiwa kibofu kitolewe, akakataa, akachagua kukwanguliwa na kuwekewa dawa kila inapobidi. Kwenye mkutano alikuwa amesema kwa sauti kwamba mwanaume hufa na viungo vyake. Sasa alizungumza kwa sauti ya chini, akipangusa mfuniko wa choo kipya kwa kitambaa.

"Imerudi wiki hii," akasema. "Hata mama wa nyumba sijamwambia. Wewe usifanye vile nilifanya."

Nilitaka kumjibu, lakini mteja aliingia kuuliza bei ya sinki, na Mzee Kamau akageuka mfanyabiashara.

Jioni tulirudi. Asha hakuwa amenunua hata kipande cha pazia, na mimi sikumuuliza. Tulishuka Olympic tukatembea sehemu iliyobaki, na hapo akasema kwamba swala yangu haina shida. Alikwisha kumuuliza sheikh. Jibu lilikuwa kwamba mtu wa udhuru kama huo atatia udhu kila wakati wa swala ukiingia, ataswali hivyo hivyo na mfuko wake, na dini haimtwishi mtu asichokiweza.

Nikasimama katikati ya njia. Nilihisi hasira imepanda mpaka masikioni. Nikamwambia amenivua nguo mbele ya Makina nzima.

"Sikukutaja," Asha akasema. "Nilimwambia ni mimi."

"Wewe vipi?"

"Kwamba mgonjwa ni mimi. Nilijua wewe huwezi kuuliza, na utakufa na aibu yako."

Nimekaa na Asha miaka mingi na nina jibu la kila neno lake. Siku ile nilimshika mkono, na tukaingia Makina hivyo, na watu waliotuona wakadhani kuna msiba.

Sheikh hakumwambia mtu ila mkewe, na mkewe hakumwambia mtu ila Makina. Wiki niliyolazwa kufanyiwa upasuaji, wanawake wa mtaa walimiminika nyumbani kwetu kumwona mgonjwa, yaani Asha. Walimletea uji, mahamri na supu ya kuku. Asha, mzima buheri wa afya, alilazimika kujilaza na kuugulia kila mlango ulipobishwa, akisema mimi nimetoka kumtafutia dawa, kisha jioni alijifunga buibui akaniletea supu hospitalini. Kwa hiyo supu ya mgonjwa ilimfikia mgonjwa, ila kwa njia ya mzunguko. Mimi niliporudi nimekonda, nikitembea nimeinama, waliniambia pole kwa kumuuguza mwenzangu.

Mwanzo haukuwa rahisi. Mfuko ulinivujia, na zaidi ya mara moja, na usiku mmoja nilimlilia Ramadhani kana kwamba yeye angejua kuubandika. Aliyejua ni Asha, ambaye Jescah alimfundisha kwa simu huku wakigombana. Mzee Kamau alikubali upasuaji baadaye, lakini ugonjwa ulikuwa umeshatoka nje ya kibofu, na madaktari wakamwambia sasa kisu hakitafaa. Bado anakaa dukani kwake na bado anatukaribisha. Mkewe sasa anajua, na ndiye anayetutengenezea chai.

Siku moja wanawake walipokuja tena na uji wa Asha, nilichoka. Nikaingia nikawaambia mgonjwa ni mimi, nikapandisha dera nikawaonyesha. Mmoja akamtazama Asha kwa uchungu, nadhani akikumbuka kuku wake. Mwingine akauliza kama inauma, nikamwambia ashike.

Kesho yake alfajiri Bi Saada, jirani wa nyuma, alikuja peke yake. Alisema anakojoa damu tangu kabla ya mwezi wa Ramadhani, na kwamba zahanati wamempa dawa, na ikikata anashukuru. Nilimwambia asingoje ikate tena, aende hospitali kubwa siku hiyo hiyo, na asiende peke yake. Safari yangu ilinifunza hilo kuliko yote. Anayekupenda sana atakubembeleza upumzike kwanza. Inafaa kwenda na mtu asiyekuonea haya.

Bi Saada akafikiri, akasema hana mtu wa namna hiyo, labda wifi yake, lakini huyo hawajasemezana tangu matanga ya mama mkwe.

"Huyo huyo," nikamwambia. "Kambishie hodi."