Nukta Pembeni ya Jina

Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, Jumatatu ya tatu ya Juni, simu yangu iliita nikiwa nimechuchumaa mbele ya mita ya maji katika uchochoro wa Chumbageni. Aliyepiga ni mdogo wangu wa kike. Saa ile alipaswa awe ndani ya ghala, amekwishavaa aproni na kufunga kitambaa kichwani. Nilisikia mlio wa lori nyuma yake, nikajua yuko nje ya geti.

"Kaka," alisema, "jina langu halimo."

Alikuwa akizungumzia ratiba ya zamu. Mdogo wangu alikuwa mchambuzi wa machungwa katika ghala moja nje kidogo ya mji, mahali yanapoletwa matunda kutoka Muheza, yanaoshwa, yanachambuliwa kwa ukubwa na kupangwa kwenye kreti. Ratiba ya wiki ilibandikwa ukutani kando ya geti kila Jumatatu asubuhi, na wafanyakazi wote walikuwa na mazoea ya kuipiga picha kwa simu kabla ya kuingia ili mtu asibishane na mwenzake kuhusu zamu. Siku ile alinyanyua simu apige picha kama kawaida, akatafuta jina lake mara tatu, halimo. Mlinzi akampa bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi moja iliyosema kampuni inapunguza wafanyakazi kwa sababu kazi imepungua.

Nilisimama nikasahau mita niliyokuwa naisoma. Juni ndiyo machungwa ya Muheza yanaanza kushuka kwa wingi. Malori yanapanga foleni. Hakuna ghala la machungwa linalopunguza watu mwezi ule, labda lile linalotaka kumpunguza mtu mmoja.

Mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi sita kasoro wiki mbili.

Hapa inabidi nieleze kosa langu, kwa sababu yote yaliyofuata yalilizunguka. Nilikuwa naijua sheria. Miaka mingi kabla ya hapo na mimi niliwahi kuachishwa kazi bila kujua haki yangu, na tangu hapo nikajifundisha mwenyewe sheria za ajira, kifungu kwa kifungu, kutoka kwenye kitabu nilichokinunua kimechanika jalada. Nilijua kwamba mwajiri haruhusiwi kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ujauzito, wala kumwachisha kwa sababu hiyo. Nilijua kwamba mama ana likizo ya uzazi yenye malipo, siku themanini na nne. Na nilijua kwamba mfanyakazi anapaswa kumpa mwajiri taarifa miezi mitatu au zaidi kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Mwezi Mei nilimwandikia mdogo wangu barua ya taarifa hiyo, nikaichapa vizuri, akaweka saini. Ilibaki kupelekwa tu.

Mama yetu aliizuia. Mdogo wangu alikuwa anaishi kwake Mabawa wakati mumewe yuko Pangani kwenye kazi ya ujenzi. Mimba mbili zilikuwa zimeshamtoka, moja ya miezi minne na nyingine ya mitano, na mara zote mbili mama aliamini tuliyasema mapema mno. Kwetu tumbo halitangazwi. Linaonekana, kila mtu analiona, na kila mtu anajifanya hajaliona mpaka mwezi wa saba uingie salama. Jambo kama hilo kuliandika kwenye karatasi na kumpelekea mtu baki ofisini, mama aliona ni sawa na kwenda kulinadi sokoni.

Nilijaribu kumweleza habari ya miezi mitatu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele.

"Wewe unasoma mita," alisema. "Soma mita. Matumbo ya wanawake tuachie wenyewe."

Mdogo wangu alicheka mpaka akaweka mkono kwenye mbavu. Mama akaichukua barua, akaikunja ndani ya doti ya khanga, akaifungia kabatini. Mimi nikapiga hesabu. Kujifungua kulitarajiwa mwishoni mwa Septemba. Miezi mitatu kabla ya hapo ni mwisho wa Juni, na mwisho wa Juni ndio mwezi wa saba wa mama unaingia. Sheria na mila zilikuwa zinakutana karibu siku moja. Nikaona hakuna kinachopotea kwa kungoja, nikanyamaza. Sikuweka kwenye hesabu kwamba mwajiri anaweza kutangulia kwa wiki mbili.

Siku zilizofuata sikuweza kukaa mahali. Nilisoma mita za mtaa mzima nikarudi kuzisoma tena kwa kutojiamini. Nyumba moja niliandika tarakimu za jirani yake, mwenye nyumba akanifuata barabarani. Tulikuwa na siku thelathini za kupeleka mgogoro kwenye ofisi ya usuluhishi wa migogoro ya kazi; tulipeleka siku ya tisa. Nilitengeneza faili: mkataba wa kazi, hati za mishahara, barua ya kuachishwa, nakala ya kadi ya kliniki. Nilipiga namba kila kiambatisho juu kulia. Mama, kwa aibu ambayo hakuisema, alitoa ile barua ya Mei kwenye khanga akanikabidhi. Bado ilikuwa inanukia udi. Nikaiweka nayo kwenye faili, kiambatisho namba tano, ili mpango wote uonekane kwa ukamilifu.

Mdogo wangu alitaka tuweke pia picha za ratiba alizokuwa nazo kwenye simu tangu Januari. Alinionyesha kwamba kuanzia Aprili, pembeni ya jina lake, msimamizi wa zamu alikuwa ameweka nukta ya kalamu nyekundu. Mwenye nukta hakupangwa kubeba kreti. Nilizitazama nikasema nukta haithibitishi kitu. Nukta ni nukta, mtu yeyote anaweza kuisema atakavyo. Mdogo wangu alizima simu akaiweka kwenye mkoba.

Siku ya usuluhishi kampuni ilileta watu wawili. Mmoja ni afisa utumishi, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na maneno machache. Wa pili ni yule msimamizi wa zamu, mzee wa Kipemba mwenye kofia ya kiua, aliyeletwa aseme kwamba ghalani hakuna aliyejua habari ya mimba. Mdogo wangu alimkuta kwenye benchi la nje. Akainamisha kichwa, akasema shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, kisha akamuuliza taratibu kama anapata usingizi. Halafu wote wawili wakakumbuka wako upande gani, wakaangalia pembeni.

Ndani, msuluhishi alikuwa mwanamke wa makamo aliyesikiliza bila kuandika. Nilikaa kama mwakilishi wa mdogo wangu, nikaeleza kwa mpangilio. Afisa utumishi alipopewa nafasi hakugusa habari ya kazi kupungua. Alifungua faili letu mpaka kiambatisho namba tano.

Alisema barua hii imeandikwa Mei lakini haina muhuri wa kupokelewa. Akaniuliza kama ilifikishwa kwa mwajiri. Nilisema haikufikishwa. Akauliza kwa nini. Nilitazama karatasi yangu mwenyewe, yenye namba yangu mwenyewe juu kulia; habari za mama na khanga hazikuwa za kusemwa mbele ya wageni. Akamgeukia msuluhishi. Sheria, alisema, inakataza kumwachisha mtu kwa sababu ya ujauzito. Lakini kampuni inawezaje kumwachisha kwa sababu ya jambo ambalo yeye mwenyewe amelificha, na ushahidi wa kulificha umeletwa na upande wake?

Nilijua jibu la sehemu ya kwanza: hakuna mahali sheria inaposema asiyetoa taarifa amepoteza ulinzi. Nilisema hivyo. Lakini ilikuwa wazi kwamba lililobaki ni kama walijua au hawakujua, na mimi ndiye niliyewapa karatasi ya kusema hawakujua.

Mdogo wangu hakunitazama. Alitoa simu, akafungua picha ya ratiba, akaiweka mezani mbele ya yule mzee.

"Baba," alisema, "hii nukta uliyoniwekea ilikuwa ya nini?"

Mzee aliisogeza simu mbali kidogo na macho yake ili aone. "Ya usibebe kreti."

Afisa utumishi aliingilia upesi. Alisema kazi nyepesi hupewa mtu yeyote mwenye udhuru, na kwamba mwezi uleule kulikuwa na mwanamume asiyebeba kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Akamwomba mzee athibitishe. Alikuwa na hakika naye.

Mzee alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Yule wa mgongo nilimwandikia mgongo," alisema. "Tazameni hapohapo, mstari wa sita."

Msuluhishi alivuta simu akaikuza picha kwa vidole viwili. Mstari wa sita, pembeni ya jina la mwanamume, kwa kalamu nyekundu ileile, palikuwa na neno moja: mgongo. Nilikuwa nimeitazama picha ile mara kadhaa, na macho yangu yalikuwa yanasoma mstari wa mdogo wangu tu.

"Mgongo unaweza kuuandika ukutani," mzee aliendelea. "Hili la wanawake haliandikwi ukutani. Nawawekea nukta. Wanawake wote wa pale wanaijua, na wala hawajawahi kuniuliza, isipokuwa huyu leo."

Msuluhishi aliuliza kama kuna mtu mwingine wa ofisi aliyejua maana yake. Mzee alimtazama afisa utumishi, kisha mdogo wangu. Nilielewa anapima nini: alikuwa amebakiza miaka michache tu ya kazi.

"Ratiba inapita kwa afisa utumishi Jumamosi kutiwa saini," alisema, na hakumnyooshea kidole kijana, alimtaja kwa cheo. "Mwezi wa nne aliniuliza mbona huyu habebi. Nikamwambia huyu ana mimba, tumsitiri. Akasema sawa."

Afisa utumishi aliomba mapumziko ya dakika kumi.

Baada ya hapo msuluhishi alituita kila upande peke yake, akaenda na kurudi mpaka karibu na adhuhuri. Mwishowe alituletea pendekezo la kampuni. Mdogo wangu arudi kazini kwenye nafasi yake, kwenye uchambuzi, bila kubeba. Likizo ya uzazi aipate yote yenye malipo, na kazi yake imngoje. Lakini wiki saba alizokaa nje hazitalipwa, kwa kuwa taarifa ya maandishi haikutolewa, na barua yenyewe ilikuwa mikononi mwetu tangu Mei.

Nilitaka tukatae. Nilimweleza kwamba tukiendelea kwenye uamuzi, hatua inayofuata usuluhishi ukishindikana, tunaweza kupata zaidi, pengine zaidi sana, kwa sababu mzee ameshasema. Nilimweleza pia, maana ni kweli, kwamba yaliyosemwa kwenye usuluhishi hayabebwi kwenda kwenye uamuzi. Mzee angeulizwa upya, na kabla ya siku hiyo kampuni ingekuwa imekaa naye. Nilianza kuhesabu miezi kwa vidole. Alinishika mkono.

"Kaka, mie nataka nijifungue nikiwa na kazi," alisema. "Hayo mengine yako."

Akatia saini. Nami nikatia chini yake.

Jumatatu iliyofuata alinitumia picha ya ratiba. Jina lake lilikuwepo, mstari wa nne. Nukta haikuwepo. Badala yake mtu wa ofisi alikuwa ameandika kwa kompyuta, kwa herufi kubwa, MJAMZITO – KAZI NYEPESI, na ratiba ilikuwa imesainiwa na msimamizi mpya. Yule mzee alihamishiwa Muheza, kwenye uwanja wa kununulia, kusimamia upakiaji. Barua yake ilisema ni mahitaji ya kazi. Nilikwenda kumwona Ijumaa moja nikamwambia kama anataka tutaangalia jambo lake, kuna vifungu. Alinikaribisha chungwa, akasema hewa ya Muheza ni nzuri na yeye hapendi ofisi. Sikujua kama nimshukuru au nimwombe radhi. Nikafanya yote mawili, vibaya.

Mama alipoona ile picha ya ratiba alisoma maneno yale kwa sauti ya chini, herufi kwa herufi, kisha akarudisha simu kana kwamba inaunguza. Kwa wiki nzima alikuwa anafukiza ubani chumbani kwa mdogo wangu asubuhi na jioni. Na mimi, ambaye siamini mambo hayo, kila simu ilipoita ilinishtua. Nilikuwa naipokea nikiwa nimeshika ukuta.

Mtoto alizaliwa wiki ya mwisho ya Septemba, wa kike, mzima. Mdogo wangu alikuwa katika likizo, na mshahara wa mwezi ule uliingia siku mbili kabla ya kujifungua. Nilikwenda na bahasha yangu kumfidia zile wiki saba, nikiwa nimekopa sehemu. Hakuipokea. Alisema nimpe mama, kwani barua ilikaa kwake. Mama akasema nimpe mzee wa Muheza. Mzee alinirudishia kwa mtu yuleyule niliyemtuma.

Ile barua ninayo, imerudi kutoka kwenye faili na namba tano juu kulia. Nyuma yake niliandika hesabu ya kilichopotea, nikaipiga mistari miwili chini: siku arobaini na mbili za kazi, kwa shilingi elfu kumi kwa siku, ni shilingi laki nne na elfu ishirini. Nukta ya mzee haimo kwenye hesabu hiyo.