Kilo za Valéry

Nianze na ukubwa wake, maana kila mtu alianzia hapo. Valéry wa Hallunda, kitongoji chetu cha Stockholm, hakuwa mtu mdogo. Mlangoni kwa mama yake, Godelieve, ilibidi ageuke kidogo ili mabega yapite, na kwenye treni watu walimpisha bila kuombwa. Lakini mchezo aliouchagua ni ule mpira wa Kimarekani, unaobebwa mikononi wakati jina lake ni mpira wa miguu, jambo ambalo sijawahi kuwasamehe. Nafasi yake ilikuwa mstari wa mbele wa ulinzi. Pale wanasimama watu walio kama makabati, na kazi yao ni kumsukuma kabati mwenzao, kumpita na kumwangusha anayetaka kurusha mpira. Pale Valéry alikuwa mfupi. Alikuwa mfupi alipoanza akiwa shule, akawa mfupi zaidi kule Minnesota, Marekani, ambako chuo kimoja kidogo kilimsomesha kwa ajili ya mchezo huo. Mwisho wa mwaka 2008 alirudi na shahada yake, akaanza kupakia mizigo uwanja wa ndege wa Arlanda.

Mimi naitwa Anselmo, Mtanzania, dereva wa basi. Familia ile ya Kirundi naijua tangu walipofika mwaka 2000 kutoka kambi ya wakimbizi ya Kigoma. Kiswahili walikiokota huko kambini, kwa hiyo kila baada ya Misa ya Kiswahili tulikaa meza moja: Warundi, Wakongo, Wakenya, na mimi ninayewasahihisha wote bila kuombwa. Tangu akiwa shule, Valéry aliniita tonton, yaani mjomba, na jioni nyingi aliniburuta hadi uwanjani nimsaidie zoezi lake. Mimi nilisimama hatua chache mbele yake na kuachia mpira wa tenisi kutoka begani. Yeye, akiwa amechuchumaa, alitakiwa achomoke na kuudaka kabla haujadunda mara ya pili. Aliudaka kila mara. Hicho ndicho kilikuwa kipaji chake. Alikuwa mwepesi wa kuchomoka, na kwa kuwa alikuwa mfupi, aliingia chini ya kifua cha mtu mkubwa na kumwinua kama anayetoa kitanda ukutani.

Februari ikaja simu. Mtu anayetafutia wachezaji timu moja ya kulipwa ya Kanada alikuwa ameona picha zake za chuoni. Mke wake alikuwa Mswidi wa Farsta, hapa hapa Stockholm, na Pasaka wangekuja kwa wakwe. Jumatatu ya Pasaka angempa Valéry saa moja uwanjani. Akimpenda, angemwita kambi ya mazoezi mwishoni mwa Mei. Asipompenda, basi, maana hakuna mwingine aliyepiga simu, na Arlanda walikuwa wanamsubiri aseme kama anataka kazi ya kudumu. Mkanada aliongeza neno moja tu: kwamba Valéry ni mdogo, na akiweza kuongeza uzito kidogo haitadhuru.

Valéry alimweleza mama yake habari yote, lakini mama akalishika hilo neno la mwisho. Kwenye matangazo ya kanisani Godelieve alisimama na kuomba tumwombee mwanawe apate kilo.

Hapo ndipo akanyanyuka Pélagie. Huyu ndiye alikuwa kiongozi wa kwaya, mama wa Kirundi ambaye sauti yake haihitaji kipaza sauti na kwenye sufuria zake hakuna ndogo. Alisema kuomba tutaomba, lakini kilo hupikwa. Kabla chai haijapoa alikuwa ameshapanga zamu: leo kwake, kesho kwa Laurentine, keshokutwa kwa fulani. Ilikuwa Kwaresima. Sisi wengine tulikuwa tunafunga, na Valéry anatoka nyumba hii kuingia ile akipakuliwa ugali wa muhogo, maharage yaliyoogelea kwenye mawese, ndizi, sombe, yaani kisamvu, na ndagaa wa Tanganyika waliosafiri ndani ya masanduku ya watu. Mimi nilikuwa nameza mate na kumwonea wivu.

Mtauliza kwa nini hakusema imetosha. Hamuwajui Warundi. Kwao mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakuna sumu iliyotiwa. Baada ya hapo, kukataa ni kama kumwambia mwenye nyumba kwamba bado unamshuku. Valéry alilelewa vizuri, bahati mbaya kwake. Alikula kila kilichowekwa mbele yake na kusema asante mama.

Katikati ya Machi tulienda uwanjani, theluji ikiwa imeanza kuondoka pembeni. Nikaachia mpira. Ukadunda, ukadunda tena, ndipo akafika. Nikadhani ameteleza. Tukarudia, na tena, na kila mara ule mdundo wa pili ulimtangulia. Alibaki amepiga magoti akihema, tumbo jipya likiwa limekaa juu ya mapaja.

"Tonton," akasema, "wamenipa kilo na wamechukua kasi yangu ya kuchomoka."

Nilitaka kumtania nikashindwa. Nilimwonea uchungu mkubwa, maana nilijua nyumba inayofuata kwenye zamu ilikuwa ya Pélagie.

Na kweli, jioni ile ile alikaa mezani kwake, akatazama sahani, akasema kwa Kiswidi kwamba ameshiba, tack, yaani asante, kama anavyosema kijana yeyote wa hapa na hakuna anayekasirika. Pélagie aliweka chini mwiko. Alimwuliza taratibu, na hiyo ndiyo inatisha kwake, kama amemwona siku yoyote akitia kitu kwenye chakula. Kisha akafunika sufuria zote. Kufika kesho yake Hallunda nzima ilijua kwamba mtoto wa Godelieve anamwita Pélagie mchawi. Laurentine akajitoa kwenye zamu kwa kumwonea mwenzake uchungu, na kwaya ikaimba Jumapili kama watu waliolazimishwa.

Godelieve hakulala vizuri siku zile. Alikuwa kati ya rafiki aliyemsitiri tangu walipofika na mtoto wake mmoja tu. Mwishowe alimchukua Valéry, akanichukua na mimi na mpira wangu wa tenisi, tukapanda hadi kwa Pélagie. Pélagie alifungua mlango akatukaribisha kwa adabu kavu. Godelieve hakukaa. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria, akachota maharage kwa kijiko na kuyala amesimama, mbele ya mwenye nyumba, bila kungoja yaonjwe.

"Dada, chakula chako hakina kitu," akasema. "Kosa ni langu. Niliomba kilo nisijue mtoto anachezea nini. Tazama mwenyewe."

Tukatoka nje ya mlango, kwenye ukumbi wa ngazi, ambao ni mrefu. Valéry akachuchumaa, nikaachia mpira. Ukadunda mara mbili. Nikaachia tena, ukadunda mara mbili. Nikamweleza Pélagie kwamba kabla ya Kwaresima mdundo ulikuwa mmoja tu, na kwamba huo mmoja ndio uliomleta Mkanada. Aliutazama mpira ukiviringika hadi kwenye lifti. Alimtazama Valéry, ambaye alikuwa anakaribia kulia, juu mpaka chini, hasa chini kidogo ya kifua.

"Ni nani aliyemjaza mtoto ndizi zote hizi?" akauliza.

Kesho yake alimpigia Laurentine na kufuta zamu, na wiki zilizobaki alijiteua mwenyewe kuwa msimamizi. Valéry alikimbia kutoka Hallunda hadi ziwani na kurudi, na akipita chini ya dirisha lake Pélagie alikuwa juu akimhimiza kwa Kirundi.

Jumatatu ya Pasaka Farsta kulikuwa na jua baridi. Mkanada alikuwa mzee mfupi mwenye kofia, na nilimpenda papo hapo kwa ule ufupi. Alimpima Valéry urefu, akapima mikono, akatikisa kichwa kidogo, na Godelieve kando yangu akashika rozari. Kisha Mkanada akataka mtu wa kusukumana na Valéry. Arnaud, Mkongo wa klabu yao ya zamani, kabati halisi, akasimama mbele yake. Mkanada alimtaka Valéry arudi nyuma hatua moja, kwa sababu Kanada walinzi husimama mbali kidogo na mpira. Mpira ulipoguswa, Valéry alikuwa ameshafika chini ya kifua cha Arnaud. Arnaud alipaa, akakaa kwenye nyasi bandia akicheka. Mara ya pili alijiandaa, na bado Valéry alimpita kwa upande. Mara ya tatu Arnaud alimzuia kabisa, akamlaza chini.

Mkanada alizungumza na Valéry mbele yetu, naye akatutafsiria sentensi kwa sentensi. Alisema hatamdanganya: ligi kubwa ya Marekani haitampigia simu, na mtu mzito akishamshika, kazi imekwisha. "Lakini kwetu kuna ile hatua moja kabla hajakushika," alisema, "na hiyo hatua ni yako. Njoo kambini. Utashindania nafasi na watu wengi, siwezi kukuahidi. Ila uje hivi ulivyo leo, usiongeze hata kilo."

Godelieve alilia waziwazi, na mimi nikasingizia upepo. Pélagie hakulia. Alikuwa amebeba sufuria kutoka Hallunda, imefungwa kwa khanga, kwa sababu mgeni ni mgeni. Akaifungua kwenye benchi, akaonja kwanza mbele ya Mkanada, akampakulia ndizi na ndagaa mpaka sahani ikalemewa. Mkanada akala kwa furaha, akala tena, kisha, kama mtu mwenye malezi, akapakua sahani ya pili na kumnyooshea Valéry.

Pélagie aliidaka hewani kabla mkono wa Valéry haujafika.

"Huyu hapewi," akasema, akaketi na kuila yeye.