Fidia ya Njia Ndefu

Hilary Postlethwaite hakuwa mwanamke wa kudai. Miaka yote aliyowapakulia watoto chakula katika shule moja pale Lancaster, akipunjwa alinyamaza, akipewa chai iliyopoa aliinywa. Ndiyo maana majirani walishangaa kusikia kwamba anaidai kampuni ya treni fidia. Lakini si yeye aliyeanza, jamani. Aliyeanza ni Leanne, mtoto wa dada yake, na Hilary alishindwa kumwambia aache. Sababu ya kushindwa ndiyo iliyokuwa ikimla roho.

Mambo yalikuwa hivi. Doreen, dada yake mkubwa, alikuwa hospisi kule Carlisle, wanakotunzwa wagonjwa wa kufa, saratani imemmaliza. Asubuhi moja Leanne akapiga simu kutoka kando ya kitanda.

"Anti, njoo leo. Muuguzi anasema kesho hafiki. Anakuulizia."

"Natoka sasa hivi, mwanangu."

Kwa treni ya moja kwa moja, Lancaster hadi Carlisle hujamaliza gazeti umefika. Hilary akakata tiketi, akasimama kituoni, treni ikaja, milango ikafunguka. Hakupanda. Miaka ya nyuma alimwona mama yao akikata roho, kinywa wazi, macho yamemkodolea yeye, na tangu siku hiyo kifo cha mtu mwingine alikiogopa kuliko chake mwenyewe. Treni ikafunga milango, ikaenda.

Upande wa pili kilisimama kile kitreni cha pwani, mabehewa mawili, kinachozunguka Barrow na Whitehaven na kusimama kila penye nyumba tatu na mbwa. Nacho hufika Carlisle, ila kwa wakati wake. Akapanda hicho. Akajiambia anapita Seascale walikozaliwa, apate la kumsimulia Doreen. Uongo mtupu! Alitaka achelewe kidogo tu, amkute Doreen amelala, muuguzi aseme ni afadhali asiamshwe, naye aketi pembeni na koti lake hadi mwisho upite wenyewe. Na mkobani alikuwa na sandwichi na chupa ya chai. Nani hufunga chakula kwa safari ya chini ya saa moja? Alikuwa ameshaamua tangu jikoni kwake.

Karibu na Whitehaven treni ikakwama. Ya mizigo ilikuwa imeharibika mbele, na reli pale ni moja, hakuna kupishana. Kondakta akapita akiomba radhi, akaitazama tiketi ya Hilary, akakuna kichwa.

"Mama, mbona umezunguka hivi? Sijui kama tiketi hii inafaa huku."

"Kwani imeandikwa haifai?"

"Haijaandikwa kitu."

"Basi."

Akaipitisha kwenye kimashine chake, akaenda zake. Abiria wakapeana biskuti na kuilaumu hali ya hewa, maana watu wa huko hata wakizama watasema maji leo yamezidi kidogo. Saa zikapita. Simu ya Hilary ikalia, hakupokea. Ikalia tena, hakupokea. Kisha ukaingia ujumbe: Mama ametutoka.

Siku ya mazishi, watu walipokwisha kula na kutawanyika, Hilary na Leanne walibaki wawili jikoni wakiosha vyombo. Leanne hufungasha biskuti kiwandani, mwanamke wa maneno, mdomo wake hauna simile.

"Treni ilikwama, mwanangu," Hilary alisema. Na ilikuwa kweli, nusu yake.

Leanne akaitupa sahani kwenye maji. "Hawa watu! Mama yangu anangoja dada yake, wao wanacheza na treni mbovu! Watalipa, Anti. Wakichelewesha mtu hivyo, sheria ni kumrudishia nauli yake. Nipe hiyo tiketi."

"Achana nao, Leanne. Ni pesa kidogo."

"Nani anataka pesa? Nataka wakiri. Nataka waseme ni wao."

Hilary angesema pale pale. Badala yake alifuta mikono, akafungua mkoba, akampa tiketi.

Majibu yakaja kabla mwezi haujaisha. Leanne akapiga simu kwa hasira. "Anti, hawa wamevuta nini? Wamekataa! Wanasema tiketi yako hairuhusu njia ya pwani, na kwamba treni za moja kwa moja siku ile zilikwenda sawasawa. Pwani! Nani mwenye akili zake atazunguka pwani na mama yangu anakata roho?"

Chai ilikuwa mkononi mwa Hilary. Akaiweka chini polepole.

"Watakuwa wamenichanganya na mtu," akasema.

Kosa la kwanza lilikuwa la woga, na mwoga unaweza kumhurumia. Hili la pili alilifanya akiwa kwenye kiti chake mwenyewe, miguu juu ya kistuli, na mimi sina la kumtetea.

Leanne hakulala. Alisoma kanuni za tiketi kama mtu anayesomea uwakili. Akaandika rufaa kwa msuluhishi wa malalamiko ya abiria, akasema kwanza, anti yake hakupita pwani, ni mwanamke mkweli, ulizeni mtu yeyote Lancaster. Pili, hata kama angepita, tiketi haikutaja njia, na kanuni za reli zenyewe zinasema isiyotajwa njia hupita kila njia iliyo halali, na ya pwani ni mojawapo. Akamsomea Hilary yote kwenye simu. Pale kwenye "mwanamke mkweli" Hilary aliuma kidole.

Tangu siku hiyo chakula hakikushuka. Akiwa dukani alijiona mwizi, akiwa kanisani alikaa viti vya nyuma. Jumamosi moja akashindwa kabisa. Akapanda treni ya moja kwa moja, akaenda kusema. Safari yenyewe ilimwadhibu kwa ufupi wake, kwani alikuwa bado anayapanga maneno na tayari ni Carlisle.

Leanne alifungua mlango na kumrukia shingoni. "Tumewabwaga, Anti! Majibu yamekuja jana usiku! Msuluhishi anasema tiketi yako inafaa pwani bila shida yoyote, warudishe nauli yote na waombe radhi."

"Leanne..."

"Ngoja! Bado wanashikilia eti ulipita huko, kondakta aliipitisha tiketi kwenye mashine. Vichwa maji hao. Lakini watalipa. Yaishe."

Yaishe. Neno tamu kama nini! Hilary angeweza kunywa chai, kusifia mapazia mapya, na kurudi kwake mtu safi, mwenye hati ya kuonyesha kwamba mwenye makosa ni treni.

Leanne akaweka birika jikoni, akabaki amempa mgongo. Mabega yakaanza kutikisika.

"Lakini najua ni mimi," akasema. "Jioni ya siku iliyotangulia pumzi za Mama zilikuwa zimeshabadilika. Nikasema nisimsumbue Anti, nitampigia asubuhi. Ningepiga jioni ile ungemkuta, Anti. Mimi ndiye niliyewakosesha kuonana."

Hilary akaona kwamba mzigo alioukwepa ameubeba mtoto wa watu.

"Ulipiga mapema," akasema. "Mapema kabisa, mwanangu. Hawakunichanganya na mtu. Nilipita pwani."

Leanne alicheka kwanza, akigeuka. Kisha akaacha.

"Kwa nini?"

"Niliogopa. Ile ya moja kwa moja ilikuja, nikaiacha iondoke. Niliogopa kumtazama."

Birika likachemka, hakuna aliyeligusa. Hilary alingoja matusi, na angeyapokea kwa shukrani. Leanne akavuta kiti, akakaa taratibu mno, utadhani ndiye mzee kati yao.

"Mama aliniambia," akasema. "Nilipomwambia uko njiani, akasema, 'Hilary? Huyo atapita pwani. Namjua.' Nikamkaripia, Anti. Nikamwambia, Mama, aibu, hata hapa kitandani unamsengenya mdogo wako, naye anakukimbilia! Akageukia ukutani."

"Halafu akasemaje?"

"Hakusema tena," Leanne alijibu. "Hayo ndiyo ya mwisho tuliyoongea, mimi na Mama."