Mpira wa Mayu

Miaka hiyo Shinyanga nzima ilijua, na mimi nilijua kuliko wote, kwamba ile mipira midogo waliyogawa wataalamu waliokuja kutafiti kiharusi inanyonya nguvu. Mgonjwa akiufinya, nguvu inaingia ndani, mpira unajaa, wataalamu wanaukusanya na kwenda kuuuza kwa wachimbaji wa dhahabu Geita. Mchimbaji akiulalia usiku, asubuhi anapasua mwamba kama anamenya muhogo. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni ya watu wazima, desimali nazigawanya nimefumba macho, na habari hiyo niliiamini kuliko desimali.

Mama yangu, mayu kwa Kisukuma chetu, alikuwa amepooza upande wa kulia. Hakuomba kupona kote. Alitaka mkono ule ufunguke kabla wakwe hawajaja kumposa mdogo wangu, awape mkono wa kulia kama mtu na heshima zake.

Mtaalamu wa mazoezi, dada mmoja wa Tanga, alituambia sisi ndugu wa wagonjwa, "Utafiti huu ni wetu sote. Sisi tunapima, ninyi mnasimamia mazoezi nyumbani."

Kichwa kikanivimba. Mimi, mtafiti. Nikamwekea mayu mpira kiganjani mbele ya dada yule, na Land Rover yao ilipoondoka tu nikauchukua.

"Nipe mpira wangu," mayu alisema, maneno yakimtoka mazito.

"Pumzika, mayu. Nitakufinyia mimi. Wakitaka nguvu wachukue zangu, ninazo za kumwaga."

Nikafinya. Nilifinya nikichunga, nikila, hata kanisani. Mkono wangu ukakomaa mpaka watu wakaanza kunisalimia kwa mbali. Wa mayu ulibaki umejikunja kifuani.

Wakwe wakaja. Shangazi wa bwana harusi akanyoosha mkono. Mayu akauficha wake ndani ya khanga, akainamisha kichwa.

"Mbona mkwe anatunyima mkono?" shangazi akauliza, nusu utani. "Au ng'ombe wetu wa mahari wamekonda?"

Mdogo wangu akaeleza habari ya ugonjwa, shangazi akaomba radhi, posa ikapita salama. Lakini mayu hakuinua uso mpaka walipoondoka. Mimi nilikaa kando yake, mpira umenivimba mfukoni, natamani ardhi ipasuke.

Dada wa Tanga aliporudi kupima, alijaribu kumfungua mayu vidole, taratibu, kisha akaniuliza mazoezi yalikwendaje. Nikamweleza yote, mpaka Geita na miamba yake. Nilidhani atacheka. Akaomba kisu cha jikoni, akaupasua mpira, akanigeuzia nione ndani.

"Hewa tu," alisema. "Kaka yangu, nguvu haikuwa kwenye mpira. Ilikuwa kwenye mama kuufinya mwenyewe."