Mama wa Kelele

Mama anayewashika mgongo wanawake wenye uchungu pale maternite, wodi ya wazazi kando ya mto Lualaba, huanza kazi kwa kumfukuza mume. Kisha hupaka mikono mawese na kusugua kiuno cha mzazi kama sufuria iliyoungua, huku akiisema vibaya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ya kila jirani. Wauguzi humwogopa kidogo. Wakati wa vita, wanawake walipozalia porini, aliwapa mkono wake waung'ate, maana mlio mmoja ungewaita askari. Mkono huo umejaa makovu, na yote anayajua kwa majina.

“Hili ni la mama yako,” alimwambia Nathalie, aliyelala kitandani na uchungu, akimwonyesha moja. “Alikuwa na meno mazuri kuliko tabia yake.”

Nathalie hakucheka. Tangu asubuhi alibana pumzi na kufunga mdomo, kama mama yake alivyomfundisha, na mtoto hakusonga. Muuguzi alishaanza kutaja habari za kupasua.

“Vita iliisha, mutoto yangu. Piga kelele.”

“Niko nasikia haya, mama.”

“Basi nitakusaidia.”

Akalia kama mbuzi aliyegongwa na pikipiki, hata mume wa Nathalie akaanguka kutoka kwenye benchi huko nje. Kicheko kikamtoka Nathalie, kikageuka ukelele, ukelele ukawa mwingine, na kabla muuguzi hajavaa glavu vizuri, mtoto huyo, analia.

Nathalie alitaka kumnyonyesha haraka ili anyamaze. Mama wa kelele akamshika mkono, akakaa chini taratibu.

“Mwache kwanza,” alisema. “Niko nasikiliza.”