Wati Sitini na Tano kwa Kila Valvu

Kibao kilichoko mbele ya amplifaya ya Baba, iliyoikuzia redio yake nguvu ya kurusha sauti, kimeandikwa wati elfu moja na mia mbili. Mgeni yeyote aliyeingia chumba chake cha redio alikisoma kwanza, akatikisa kichwa kwa heshima, na Baba akacheka. Alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha majani chai, na aliniambia kwamba namba ile iliandikwa na watu wa kuuza. Ni nguvu inayoingia, tena kwa kufumba na kufumbua, pale mtu anapotamka neno kwa sauti kubwa. Inayotoka kwenda kwenye antena ni kama nusu yake. Inayobaki inageuka joto, na joto lote hilo linabebwa na valvu nne, chupa za kioo zinazosimama ndani kama taa, kila moja ina bamba la chuma katikati. Bamba moja linabeba wati sitini na tano za joto, basi. Ukilipita linaanza kuwa jekundu.

"Kikapu cha majani unaweza kukisindilia ukapanda nacho mpaka kituo cha kupimia," aliniambia. "Lakini huwezi kusimama nacho mchana kutwa."

Kabla ya kuongea na mtu ilibidi ailinganishe amplifaya na antena, na wakati huo inafanya kazi kwa nguvu moja bila kupumua. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu hadi kumi. Alitaka nihesabu kwa Kikipsigis kwa sababu kwa Kiswahili nilikuwa nakimbia. Nikifika taman anaachilia, hata kama hajamaliza, tunangoja zipoe, tunaanza tena. Sikujua kwamba nilikuwa nasomea kazi ambayo sitapewa.

Rafiki yake wa hewani alikuwa mwalimu mstaafu, Mhindi aliyezaliwa Kisumu akahamia Kanada. Tulimwita Mwalimu. Kila Jumapili saa kumi na mbili jioni, kwake ikiwa asubuhi, waliongea Kiswahili, mambo ya mvua, magoti na bei ya sukari. Nilikuwa nikikaa kando na kusikiliza. Baba alisema siku moja nitamsalimia mwenyewe.

Mama alifariki nikiwa darasa la saba. Baba alimfuata nikiwa kidato cha kwanza, kwa ugonjwa wa wiki mbili. Niliacha shule muhula huohuo. Kulikuwa na ng'ombe wawili wa kukama, chai yetu nyuma ya nyumba, na mdogo wangu wa kiume wa miaka minane. Watu wa kanisa walisema Mungu atatutunza. Nadhani walimaanisha mimi.

Jumapili ya kwanza baada ya mazishi niliwasha redio. Mwalimu alikuwa pale, anaita kituo cha Baba kwa herufi na namba zake, pole pole, mara tatu, ananyamaza, anaita tena. Sikuweza kumjibu. Sheria hairuhusu mtu asiye na leseni kuongea, isipokuwa amekaa na mwenye leseni. Na Baba hakuwa mtu wa kuvunja sheria ya redio, kwa hiyo sikutaka jina la kituo chake lichafuliwe na mimi. Nilimwandikia Mwalimu kwa anwani iliyokuwa kwenye kadi aliyomtumia Baba zamani. Barua ilirudi imegongwa muhuri kwamba amehama.

Aliita Jumapili iliyofuata. Aliita mwaka uliofuata. Si kila wiki, lakini hakuacha. Nilichuma chai yetu, nikachuma ya majirani, mdogo wangu akamaliza sekondari, akaenda chuo cha ufundi Nairobi. Huko alijiunga na wanafunzi wa redio. Nilimwomba mambo mawili tu: amtafute Mwalimu kwenye mtandao, na apate leseni ili tumjibu. La kwanza, kila nikimuuliza alikuwa na mtihani. La pili alilitimiza mwaka jana, na sitamnyima hilo.

Miaka yote hiyo nilikuwa nikipangusa valvu kwa kitambaa kikavu na kuwasha feni mara moja kwa mwezi isikwame. Redio yenyewe ilikuwa imechoka, haikutoa hata wati ishirini. Bila amplifaya, Kanada haisikii kitu. Na valvu zilikuwa nne tu. Baba alishatafuta za akiba akakosa.

Mdogo wangu alikuja Jumapili moja na leseni kwenye fremu. Baba mdogo, ambaye ni mzee wa kanisa huku Sosiot, alikuja na mkewe, na majirani wachache. Tulikula mchana wote. Kabla ya saa kumi na mbili nilimwambia mdogo wangu yale ya Baba: kuhesabu, kupumzisha, sindano ya kipimo isipite alama nyekundu aliyoichora kwa kalamu.

Aliangalia kibao, akaangalia alama. "Dada, hii ni mashine ya wati elfu moja mia mbili, na Baba alikuwa anaiendesha kama baiskeli ya mama mzee."

Watu walicheka. Baba mdogo alisema niwaachie waliosoma. Mdogo wangu akafungua sauti mpaka mwisho na kuwasha kile kifaa kinachojaza mianya kati ya maneno ili sauti ifike mbali. Baba hakukigusa kamwe, kwa sababu kinazinyima valvu nafasi ya kupumua.

Mwalimu aliita. Sauti yake ilikuwa imezeeka. Mdogo wangu akamjibu, akajitambulisha kwa kituo chake kipya, akasema yuko Kericho, nyumbani kwa kituo kile anachokiita. Tukasikia mtu mzima anavuta pumzi huko ng'ambo.

"Kericho? Nyumbani kwake? Oh, Mungu wangu. Mzee yuko hapo?"

Nilinyoosha mkono kuchukua maikrofoni. Ndivyo tulivyokuwa tumekubaliana. Mimi ndiye ningemwambia.

"Ngoja kidogo, Mwalimu," mdogo wangu alisema. "Kwanza tumshukuru Mungu."

Huku kwetu hakuna kinachoanza bila maombi. Chai haipimwi, mkutano wa shule hauanzi, hata trekta jipya haliguswi. Lakini Baba alikuwa akiomba kabla ya kubonyeza kitufe cha kurushia sauti. Mdogo wangu alibonyeza, akaelekeza maikrofoni kwa baba mdogo, akafumba macho. Alitaka Kanada isikie.

Baba mdogo huomba kwa nguvu. Alishukuru kwa leseni, kwa mtoto aliyeinua jina la ukoo, kwa mvua, kwa chuo, kwa viongozi wa kaunti. Wote walikuwa wamefumba macho ila mimi. Kupitia matundu ya kifuniko niliona bamba la valvu ya kwanza likipata rangi ya makaa yaliyofunikwa jivu. Nikamgusa mdogo wangu mkono. Akausukuma wangu pembeni. Mdomo wangu ulikuwa unahesabu wenyewe, na nilishapita taman mara nyingi. Ningeweza kuchomoa waya ukutani. Nimeambiwa hivyo mara nyingi baadaye, na baba mdogo mwenyewe. Lakini mtu hamkatizi mzee katikati ya maombi, na mimi ndiye niliyemfundisha mdogo wangu adabu hiyo.

Bamba likawa la rangi ya chungwa. Kioo kikabonyea kwa ndani, kikalia kama kijiko kikigonga glasi. Kisha fyuzi ya amplifaya ikakatika.

"Amina," walisema.

Redio yenyewe ilikuwa bado hai. Mwalimu alikuwa anaongea, anacheka na kulia. Alisema ametupoteza lakini amesikia maombi yote, kila neno, na ameelewa ni familia ya mzee, wanamshukuru Mungu kwa kituo kurudi. Akasema tumwambie mzee asijali, umeme wa huko anaujua, atamngoja Jumapili ijayo.

Katika maombi yale yote, Baba hakutajwa.

Valvu tatu zilikufa, ya nne haifai peke yake. Mdogo wangu alibonyeza kitufe mara kadhaa kwa redio tupu, Mwalimu hakusikia kitu. Akaniambia ni vitu vya zamani tu, Dada, atanunua amplifaya ya kisasa akipata kazi. Nikamwambia nataka kufanya mtihani wa leseni mwenyewe. Akasema mtihani huo una hesabu. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma.

Nimejiandikisha hata hivyo. Nasoma asubuhi nikimaliza kukama.

Mwalimu haiti tena kama zamani. Sasa anaongea. Anaamini Baba yuko upande wa pili, anasikia ila hawezi kujibu, kwa hiyo anamweleza mambo yake yote na kumwachia nafasi za kucheka. Jumapili iliyopita alimwambia kwamba mkewe ameaga dunia. Alisema bado hajawapigia watoto simu. Alitaka kumwambia yeye kwanza.