Siku Tuliyoupandisha Lualaba Mlimani

Msinicheke mapema, ngojeni nifike mwisho ndiyo mcheke vizuri, maana aibu hii hata nikisema niifiche haifichiki, Kasongo nzima wanaijua, na hadi leo nikipita sokoni kununua chumvi kuna mama mmoja muuza mihogo ambaye lazima aniulize, "Mwajuma, leo maji inaenda wapi?" na wenzake wanashika mbavu, na mimi nanunua chumvi yangu kichwa juu kama mtu ambaye hakusikia (nasikia sana, jamani, nasikia mpaka masikio yanachoma).

Ilikuwa mwaka ule tuliomaliza darasa la tano la sekondari, au niseme tuliotaka kulimaliza, kwa sababu walipotoa matokeo mwezi wa saba tulikuwa watatu tuliokatwa kwa jiografia: mimi, jirani yangu Feza binti wa pasta, na Musafiri. Shule ikatupa repeshaje, yaani ule mtihani wa pili wa kabla ya mwaka mpya wa masomo, kwa wale walioanguka lakini bado wanapumua kidogo. Ukishinda unapanda darasa la sita, ukishindwa unarudilia mwaka mzima, unakaa benchi moja na wadogo zako.

Kwa mimi na Feza kurudilia mwaka kulikuwa aibu tu, na aibu mtu anaizoea, kama mnavyoniona. Kwa Musafiri ilikuwa habari nyingine. Baba yake anavusha watu kwa mtumbwi kule mto Lualaba, watu na baiskeli zao na kuku zao, na Musafiri alikuwa anakaa mjini kwa shangazi yake ili asome. Siku ya matokeo baba yake alikuja, akatazama ile karatasi ingawa hasomi, akamwambia mbele yetu, bila kupandisha sauti: "Ukipita hii repeshaje, utamaliza masomo, hata nikivusha watu usiku na mchana. Ukirudilia mwaka, unaenda Salamabila kwa mjomba wako, kuchimba zahabu. Mutu mmoja, kalasi moja, mara mbili, mimi siwezi." Musafiri akaitika, "Ndiyo, baba," na kuanzia siku ile nikajua kwamba hatusomei jiografia, tunasomea Musafiri abaki.

Sasa sisi huku vitabu hatuna, profesa anaandika ubaoni, wewe unanakili, na kaye yako, yaani daftari, ndiyo kitabu chako, kwa hiyo kaye nzuri inarithiwa, kaka anamwachia mdogo wake, mdogo anamwachia jirani. Kaye zetu zilikuwa za huruma: mimi nilikuwa nimeugua majuma mawili, Feza alikuwa anachora maua, Musafiri alikuwa na kaye moja kwa masomo manne. Feza akasema twende tukaombe kwa Salima, yule wa kwanza darasani. Mimi na Salima tulikuwa hatusalimiani kwa sababu ya jambo ambalo hata silikumbuki tena, na hapo ndipo nilipotoa ule uamuzi wangu mdogo, mdogo kabisa. Nikasema, "Salima wa nini? Mimi niko na kaye ya kaka yangu Yusufu."

Nikaitoa ndani ya gunia la nguo za zamani. Ilikuwa imelowa mvua iliyopita kwenye bati lililotoboka, ikakauka, ikajikunja, na kurasa zake zilikuwa na madoa mekundu yaliyopauka, nikasema ni rangi ya jalada imetoka, basi. Maandishi ya kalamu ya biki ya bluu yalikuwa mazima. Na katikati, maswali kumi na majibu yake, marefu, kwa Kifaransa cha kuvaa tai, herufi za kaka yangu zimenyooka vizuri. Tukaona Mungu ametukumbuka.

Kila siku baada ya swala ya alasiri tulikaa kwenye baraza letu, bibi yangu pembeni anamenya karanga (karanga ilikuwa kisingizio, macho yake yalikuwa kwa Musafiri, alisema mvulana akisoma na wasichana mikono yake yote miwili lazima ionekane). Tulikuwa tunashika kwa kichwa, neno kwa neno: mimi nasoma mstari, wao wanaurudia, halafu wote watatu pamoja, na bibi anatuletea mihogo ya kuchemsha, na Feza anamaliza mihogo. Musafiri alikuwa anaegemea ukuta, anafunga macho, anarudia kwa ile sauti yake nzito ya polepole, na mimi nilikuwa nasoma mstari mmoja mara tatu ingawa alikuwa ameushika mara ya kwanza. Nilikuwa nampenda. Haya, nimeshasema, tuendelee. Tangu adhuhuri nilikuwa nasikiliza kama muadhini amekaribia, mpaka mama yangu akadhani nimeshika dini.

Siku ya nne au ya tano tukafika kwenye jibu la Lualaba. Nikasoma, Feza akarudia, Musafiri akafungua macho.

"Mwajuma, hii iko kinyume. Pale kwetu maji inaenda kwa Kindu. Haitoki Kindu."

"Nani amesema?"

"Hakuna mutu amesema. Tangu mutoto niko naiona. Mutu akiangusha ndala pale kwetu, ndala inaenda Kindu."

Mnanijua, mimi nikipingwa mbele ya watu damu inapanda. Na kaye ilikuwa ya kaka yangu, na baraza lilikuwa letu, na mihogo ilikuwa ya bibi yangu. Nikamwambia, "Musafiri, ule ni mto wa kwenu. Huu ni mto wa mtihani. Unataka kufaulu ao unataka kuvua samaki?"

Feza akacheka, bibi naye akacheka, ingawa hakujua tunabishana nini. Musafiri akaniangalia kidogo, akatabasamu, akafunga macho tena. "Soma basi," akasema, "niko nasikia." Nikasoma, akarudia, na jua likashuka, na nilifurahi sana kwamba nimeshinda.

Siku ya mtihani, swali la kwanza lenye alama nyingi kuliko yote: eleza safari ya mto Lualaba. Nilitaka kupiga vigelegele mle ndani. Nikaandika mpaka kidole kikaniuma, sikuruka hata koma, na nilipoinua kichwa nikamwona Musafiri naye anaandika, na Feza anaandika, wote watatu tumeinamia karatasi, kila mmoja kwenye kona yake.

Matokeo walitusomea uani kwa shule, asubuhi, wazazi wamekaa kwenye mabenchi yaliyotolewa madarasani. Baba Musafiri alikuwa amekuja kutoka mtoni na samaki wawili wakavu wamefungwa ndani ya majani, wa kumshukuru prefe, yaani mkuu wa shule (alikuwa amewashika mapajani kama mtoto mchanga, nikawaza, huyu mzee ana imani kweli). Prefe akasimama, akakohoa, akasema kabla ya kusoma majina kuna jambo la huzuni. Akatuita watatu mbele. Akainua karatasi zetu.

"Wanafunzi watatu wameandika jibu moja, neno kwa neno, hata koma. Huu ni wizi wa mtihani. Na mutu anayeiba mtihani, shule hii inamufukuza."

Mama yangu akasema "Yesu!" (mama yangu ni Mwislamu, hajui mpaka leo ile Yesu ilitoka wapi). Baba Musafiri alisimama tu na samaki zake. Nikamtazama Musafiri, uso wake ulikuwa umekauka, na pale pale ile damu yangu ikapanda, nikapiga kelele mbele ya ua mzima:

"Hatukuiba! Tulishika kwa kichwa! Kaye ni hii, na sisi tuko hapa, mutupime!"

Kwa sababu kaye nilikuwa nayo, ndiyo, nilikuwa nimeibeba kwenye mfuko ili kaka Yusufu ashukuriwe hadharani. Nikaipunga juu. Prefe akamwangalia profesa wetu wa jiografia, profesa akainua mabega, prefe akasema, "Haya, semeni." Nikahesabu moja, mbili, tatu, tukaanza, kwa Kifaransa, wote watatu, sauti moja, bila kukwama popote, Feza hata akafanya na mikono, na tulipomaliza wazazi wakapiga makofi. Wakapiga makofi kwa kweli! Nikamtazama prefe kama mtu aliyeshinda kesi.

Prefe akasema, "Vizuri. Sasa weka kwa Kiswahili, wazazi wasikie."

Nikafungua mdomo kwa fahari yote. "Mto Lualaba," nikasema, "unaanzia Kisangani, unashuka mpaka Kindu, unapita hapa Kasongo..." na hapo sikio langu likaanza kusikia kile mdomo wangu unachosema, lakini mdomo ulikuwa umeshazoea njia, haukusimama, "...na unaenda Katanga, unapanda milima, na kule juu ndiko unamwaga maji yake baharini."

Kuku mmoja akapita. Halafu baba Musafiri akasogea mbele hatua moja, akamwuliza mwanawe kwa upole kabisa, kama mtu anayemwuliza mgonjwa:

"Musafiri, mwanangu. Na weye umeandika hivyo?"

"Ndiyo, baba."

"Maji ile unaoga tangu umezaliwa?"

Musafiri akainamisha kichwa. Na uani kukalipuka kicheko. Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka na mama wanne, watu wakawa wanaulizana kama mtu akitaka kwenda Kindu siku hizi anapiga kasia ao anapanda ngazi, prefe mwenyewe alijifunika uso kwa karatasi zetu na mabega yake yanatikisika. Profesa wa jiografia akachukua kaye mkononi mwangu, akafungua, akasoma kidogo, akasema, "Aka! Hii ni kazi ya Yusufu! Hii kazi nilimupa sifuri. Nilikata ukurasa wote na fetri nyekundu." Basi fetri ni kalamu ya wino wa maji, mvua ikipita haibaki, biki inabaki. Majuma matatu tulikuwa tumeshika kwa kichwa sifuri ya kaka yangu, ambaye naye aliwahi kupewa repeshaje, akapita sijui kwa mlango gani, na sasa anakaa Bukavu anakula vizuri.

Wizi wakatufutia, hatukufukuzwa. Lakini alama zikabaki pale pale. Prefe akasoma majina: mimi nilifika nusu kamili, sikuzidi hata moja, kwa sababu ya maswali madogo ya mwisho. Feza hakufika. Musafiri hakufika. Baba yake akampa prefe samaki wale wawili hata hivyo, akasema ameshawaleta hawezi kurudi nao, akamshika mwanawe bega, wakaondoka taratibu, na watu wakaacha kucheka walipopita.

Feza amerudilia mwaka na anasema anasoma vizuri zaidi na wadogo, wanamwita dada na wanambebea mfuko. Musafiri aliondoka Ijumaa ya juma lile lile. Nilikwenda na Feza mahali pikipiki za Salamabila zinapakia. Alikuwa amevaa shati jeupe la shule, kwa sababu ndilo lililokuwa zuri kuliko mengine, na gunia lake dogo liko nyuma ya pikipiki. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri, Musafiri nisamehe, Musafiri nimekuharibia, na nilipofika nikamwambia, "Gunia umefunga vibaya, litaanguka kabla ya kufika Lusangi." Akalifunga upya. Akasema, "Weye soma." Pikipiki ikawaka, na yeye akageuka kunitazama mara moja tu.

Sasa niko darasa la sita. Kaye nakopa kwa Salima, tunasalimiana. Alasiri inafika kila siku, hilo ndilo baya lake, muadhini hajui kwamba mtu ameondoka, na mimi bado masikio yanasimama, natoka kwenye baraza, nakaa upande ule wa ukuta ambao alikuwa anaegemea, nasoma kwa sauti, na hakuna anayerudia. Bibi aliniuliza mara moja kama yule kijana atakuja lini, nikamjibu vibaya, hajauliza tena. Namkosa, jamani. Namkosa hata nikiwa nacheka na nyinyi hapa.

Alinipigia simu mara moja. Kule mtandao unashikwa juu ya kilima, lazima upande. Akaniambia anabeba mawe, mikono imekuwa migumu, wanachimba na watu wa kila upande, Wakristo kwa Waislamu, wanapika pamoja. Nyuma yake nilisikia mashine inasaga mawe. Nikamwambia yale maneno yote niliyoyaacha siku ya pikipiki, kwa haraka, bila kupumua, halafu nikamwuliza, "Lakini Musafiri, weye ulijua. Mbona ulinisikiliza?"

"Ningekushinda siku ile," akasema, "ungekasirika, ungefunga kaye. Kila mutu angerudi kwao. Mimi nilitaka tukae mpaka magaribi."

Simu ikakatika, na sijui ni mtandao au ni yeye. Basi nimejiapiza, na nyinyi ni mashahidi: mtu akiniambia ameona jambo kwa macho yake, sitabishana naye tena kwa sababu ya karatasi, hata iwe ya nani. Nitafunga kaye mimi mwenyewe, halafu nitamwambia asiende, akae tu, anieleze. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo, kwamba siku ile ningeweza kufunga kaye na bado nikamwambia akae.